Mfereji uliozama kwenye unene wa kalamu: kisa cha majirani watatu upande wa juu wa Sanawari, Arusha

Naanza na saa tisa kasoro usiku, mwezi wa nne 2024, ile masika ambayo nchi nzima ilikuwa inalia mafuriko. Simu inaita, kucheki ni Mwalimu, jirani yangu, anaongea kwa kunong'ona kama mtu mwenye mwizi ndani, "kijana njoo mara moja, maji yako sebuleni". Nikavaa gambuti nikatoka. Nikakuta maji ya magoti, rangi ya chai ya maziwa, ndala zinaelea, na mke wa Mwalimu amepanda juu ya meza ya chakula kakumbatia mfuko wa rambo wenye makaratasi ya nyumba. Hajaokoa TV, hajaokoa simu, kaokoa makaratasi. Huo mfuko usahau kwanza, tutaurudia.

Kulipokucha mtaa mzima ulishapata jibu. Kwenye grupu la wasap mara ooh hawa wageni wanajenga kuta kama jela, mara ooh hawa wenyeji wanauza ardhi afu wanataka iendelee kuwa yao, ikafika saa nne asubuhi kesi imeshakuwa ya makabila na watu watatu wametoka grupu kwa hasira. Mimi nilikuja kuwa katibu wa ile kamati ndogo iliyoundwa kusuluhisha, nimekaa na hii ishu mwaka na zaidi, na nataka niiandike yote kwa sababu mitaa mingi ya huku juu ina kesi kama hii hii na inahukumiwa kwa mdomo kabla mtu hajapanda hata kuangalia maji yametokea wapi.

Majina siweki. Juu kabisa yuko Mzee, Mwarusha, themanini na ushee, ndiye mwenye shamba lililobaki, migomba, miparachichi na mistari michache ya kahawa ambayo ukiniuliza mimi ameiacha kwa ukaidi tu. Katikati yuko Mama Geti, Mchagga wa Rombo, anauza mitumba soko la Kilombero hapa mjini, nimemwita hivyo kwa sababu ya geti lake jekundu ambalo bodaboda wote wanalitumia kuelekezana. Chini yuko Mwalimu, mstaafu, mtu wa Singida. Mimi niko pembeni ya Mwalimu, kiwanja changu kimeinuka kidogo, ndo maana usiku ule nililala pakavu.

Kwa asiyeijua Arusha, chukua hivi. Mlima Meru, mita 4,566, uko kisogoni kwako, mji uko miguuni kwenye kama mita 1,400, na katikati hapo hamna tambarare, ni mteremko tu unashuka hadi mjini, umekatwa na mito midogo midogo, Burka, Naura, Goliondoi, Themi, Kijenge. Goliondoi watu wanaijua kama mtaa wa maduka na ofisi za utalii, wengi hawana habari kwamba kuna mto unaitwa hivyo. Mawingu yakija yanaugonga Meru na kumwaga huku kwetu kusini, ukienda nyuma ya mlima kule Oldonyo Sambu unakula vumbi. Hata majina yetu ni ya maji, Ngarenaro ni Kimaasai, maji meusi, Ngarenanyuki maji mekundu. Na maji haya hayaishii kwenye daraja la mtaani, yanashuka Kikuletwa, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanatoka na mto Pangani hadi baharini. Yaani ndala ya Mwalimu ingepata nafasi ingefika Pangani mjini.

Sasa mstari wa kukariri ni barabara kuu ya Moshi–Namanga, ile inayopita Philips, Sanawari, Mianzini, Sakina. Chini ya barabara, mji kwa sehemu kubwa ulichorwa. Juu ya barabara, mji ulijiotea wenyewe ndani ya migomba. Na hii si bahati mbaya, ina historia yake, na Mzee alitusimulia kwenye kikao cha kwanza kwa dakika arobaini bila kumeza mate wakati sisi tulikuja kuongelea bomba.

Waarusha walipanda kwenye miteremko hii kutoka Arusha Chini kwenye miaka ya 1830 hivi, wanaongea Kimaasai ila ni watu wa jembe, na waliukuta mlima una maji wakaanza kuyaongoza. Kisha akaja Mjerumani. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri waliuawa Akeri huko Umeru, na kisasi chake kilikuwa kibaya, mazao na ng'ombe vilikwenda, na Machi 1900 viongozi wakanyongwa Old Moshi, Mangi Meli wa Wachagga akiwa mmojawapo na wa Waarusha na Wameru wakiwemo. Miaka hiyo hiyo, 1899 na 1900, ndipo boma la Arusha likajengwa, hilo ambalo sasa ni makumbusho watoto wa shule wanapelekwa kuona vipepeo na mifupa. Mzee anasema babu yake alibeba mawe ya boma kwa mgongo, na kila akipita pale na kipanya anaangalia upande mwingine. Sina njia ya kuhakiki hilo la babu ila la kuangalia upande mwingine nimeliona kwa macho.

Baada ya boma ndo ikaja kubanwa. Juu msitu ukawekewa mpaka, hakuna kulima. Chini yakakatwa mashamba ya masetla, Wajerumani, Makaburu, Wagiriki, kahawa na katani, hadi leo ukienda Kisongo unaiona kahawa ya Burka. Wenyeji wakabaki mkanda wa katikati. Mwingereza alipochukua 1916 hakuufungua huo mkanda, reli ikafika kutoka Moshi 1929, mji ukachorwa kwa rangi ya ngozi, Uzunguni ng'ambo kule kwenye miti, Uhindini kwenye maduka, Waafrika wakasogezwa Ngarenaro na baadaye Kaloleni. Mkanda wa juu haukuchorwa na mtu, ulikuwa shamba la watu, baba anagawia wanawe, wanawe wanagawia wao, vipande vinazidi kuwa vidogo, na kinachoviunganisha vipande vyote ni kitu kimoja tu, mfereji.

Hapa ntakaa kidogo maana bila kuujua mfereji kesi yote haieleweki.

Mfereji wa Mzee unaanza juu kwenye kijito, si mto mkubwa, kijito cha kuruka. Pale kwenye mlango wake wameweka mawe, udongo na magogo ya migomba, maji yakijaa nyuma yake yanaingia pembeni, halafu mfereji haushuki na mteremko moja kwa moja, unatembea kwa kuzunguka ukingo wa kilima, unashuka kidogo kidogo kiasi kwamba ukisimama unadhani maji yanapanda. Aliyechimba hakuwa na kifaa chochote zaidi ya maji yenyewe, anachimba hatua mbili, anaachia maji aone yanakwenda au yanasimama, anarekebisha. Kila shamba lilikuwa na zamu, wewe Jumatatu asubuhi, yule jioni, na ukiiba maji usiku unalipa faini, enzi hizo pombe, na inanywewa mbele yako. Mabaki yanarudi kijitoni huko chini. Na kanuni kubwa kuliko zote ambayo Mzee aliirudia mara nne, mvua za masika zikianza mlango unafungwa. Mfereji ulikuwa kwa ajili ya kiangazi. Masika maji yanabaki kwenye kijito chake, shamba linakunywa ya mbinguni.

Tukapanda naye hadi mlangoni wiki moja baada ya mafuriko, na fimbo yake, mimi na mjukuu wake ambaye ni chalii wa bodaboda. Njiani Mzee anasalimia kila nyumba, akina mama anawaambia "takwenya", wanajibu "iko" na wengine wanacheka tu maana wametoka Mbeya hawajui cha kujibu. Tulivyofika, mlango ulikuwa wazi. Wazi kabisa, mawe yamesogea, kijito chote kimekunja kona kinaingia mfereji. Mzee akamwangalia mjukuu. Mjukuu akaangalia simu. Kumbe kwa miaka kama sita hakuna mtu aliyepanda kufunga, kwa sababu anayemwagilia ni Mzee peke yake, wengine wote waliokuwa na zamu wameshauza au wamejenga, na zamu isiyo na watu haina wa kufunga mlango. Mzee hakusema kitu, akakaa kwenye jiwe akavua kofia. Nilimwonea huruma kwa kweli.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza na lilikuwa la upande wa "wenyeji". Nililiandika kwenye daftari.

Kosa la pili ni la wote na halina mtu. Kati ya mlango na nyumba ya Mwalimu nilihesabu mapaa 14, mengine yana pevingi ua mzima, geti hadi jikoni. Zamani hapo palikuwa na migomba na majani makavu yake chini, mvua inanywewa. Sasa fanya hesabu ya darasa la tano: paa la mita za mraba 150, mvua ya milimita 50 usiku mmoja, hiyo ni lita 7,500 kutoka nyumba moja. Mara 14 ni lita 105,000, na hapo sijagusa pevingi wala barabara. Wenye gata na simtanki ni wanne, simtanki ikijaa inamwaga nje kama kawaida. Yote hayo yanatafuta pa kwenda na penye njia iliyokwisha kuchimbwa ni mahali pamoja tu, kwenye mfereji. Yaani mfereji uliochimbwa kuleta maji ya kiangazi umebadilishwa kazi ukawa mtaro wa masika, na hamna hata mmoja aliyeitisha kikao kuubadilishia hiyo kazi.

Kosa la tatu ndo lile mtaa mzima ulilokuwa unalijua, ukuta wa Mama Geti. Alijenga 2021, ukuta wa tofali za inchi sita, umekata mfereji katikati, na fundi akaacha bomba la inchi nne. Fundi mwenyewe nilimuuliza akasema "bosi mimi nilikuta kamfereji kakavu kana majani ya maharage, nikasema hako bomba linatosha". Haya, mfereji wenyewe tuliupima pale ulipo mzima, upana sentimita 50, kina sentimita 30. Bomba la inchi nne ni kama sentimita 10 kipenyo. Ukipiga hesabu ya nafasi, mfereji ni karibu mara 19 ya hilo bomba. Na bomba lenyewe siku ile lilikuwa na pampasi ya mtoto na chupa mbili za soda. Maji yakagonga ukuta, yakapanda, yakatembea na ukuta hadi mwisho, yakapata upenyo, na mbele ya upenyo ni dirisha la Mwalimu.

Kwa hiyo ukitaka kumhukumu Mama Geti una ushahidi. Tatizo likaja kwenye ule mfuko wa rambo.

Kikao cha pili kilifanyika chini ya mparachichi wa Mzee, mwenyekiti wa mtaa yupo, balozi wa nyumba kumi yupo, wazee wawili, na Mama Geti kaja na kijana wake anayesoma sheria chuo, kijana kavaa tai. Kijana akaanza na Sheria ya Mazingira ya 2004, kwamba mita 60 kutoka mto hairuhusiwi shughuli, na kwamba Mwalimu mwenyewe yuko ndani ya mita 60. Balozi akamuuliza mdogo wangu mfereji ni mto? Na kama ni mto, mtaa mzima huu uhame, na ofisi ya mtaa iongoze msafara? Watu wakacheka, kijana akakaa. Mzee naye akapandisha, akasema Wameru walipofukuzwa Ngarenanyuki 1951 Kirilo Japhet alikwenda hadi New York Umoja wa Mataifa kusema habari ya ardhi, yeye atashindwaje. Mwalimu, na hapo ndo nikajua hasira zimeanza kumtoka, akamjibu Mzee usihangaike na ndege, mahakama ya Umoja wa Mataifa, ile ya kesi za Rwanda, ilikuwa hapo chini tu AICC kwenye jengo la mikutano, ila imefunga mwishoni mwa 2015, umechelewa. Hata Mzee alicheka, na meno yake ya kahawia yakaonekana yote.

Ngoja niseme la meno hapa maana lina uhusiano. Maji ya kutoka kwenye mawe haya ya volkano yana floraidi nyingi, ukiyanywa ukiwa mtoto meno ya ukubwani yanaota yana madoa ya kahawia, na ndo kitambulisho chetu popote nchini, ukifungua mdomo Dar wanakuambia wewe wa Arusha au Moshi. Mimi wazazi ni Wapare, nimezaliwa Kaloleni, meno yangu ni kama ya Mzee. Mtoto wa Mama Geti mwenye tai, hivyo hivyo. Mtoto wa mwisho wa Mwalimu, hivyo hivyo. Kwa hiyo wanaogawa mtaa kwa wenyeji na wageni wangeanza kwa kutufungua midomo.

Turudi kwenye mfuko. Mwenyekiti akaomba kila mtu alete karatasi ya mauziano. Ya Mwalimu ni ya 1998, kipindi ambacho kodi za nyumba mjini zilikuwa hazishikiki tangu ile mahakama ya Rwanda ifungue na wafanyakazi wake waanze kupanga, Mwalimu akakimbilia juu kwenye migomba akanunua kwa mdogo wake Mzee, marehemu sasa. Huyo mdogo mtu aliuza kwa sababu kahawa ilishakufa bei na alikuwa na watoto sekondari. Karatasi ya daftari la mistari, imeloa pembeni, wino wa bluu umesambaa ila inasomeka: "Kaskazini anapakana na MFEREJI". Herufi kubwa kabisa.

Ya Mama Geti ni ya 2009, muuzaji ni mjane wa huyo huyo mdogo mtu: "Kusini anapakana na mfereji".

Soma tena hizo mbili. Mmoja mpaka wake wa juu ni mfereji, mwingine mpaka wake wa chini ni mfereji. Hakuna aliyeuziwa mfereji. Katikati ya viwanja viwili kuna kitu cha tatu.

Sasa mwenyekiti akatoa ramani ya urasimishaji ya 2019. Mnakumbuka ule upimaji, kila kaya inachangia, kampuni inakuja inapima, mnapata namba ya kiwanja na ukiwa na hela unaendelea hadi hati. Kwenye ramani, kiwanja cha Mama Geti na cha Mwalimu vimegusana. Mstari mmoja. Kaskazini mwa mstari Mama Geti, kusini mwa mstari Mwalimu, basi. Mfereji umezama kwenye unene wa kalamu.

Tukaenda kupima. Upande wa Mwalimu bado kuna visiki vya michongoma ya zamani, upande wa Mama Geti kuna masale mawili, ile mimea ya mpaka, yaliyobaki. Kati ya kisiki na sale ni mita 1 na sentimita 40. Mfereji wenyewe sentimita 50, inayobaki ni kinjia cha kupita mtu na jembe kuusafisha. Hiyo mita na ushee ndiyo iliyopotea 2019.

Na hapa lazima niseme kitu ambacho nilikaa nacho siku mbili kabla ya kukitoa kikaoni. Mwaka 2019 mimi nilikuwa kwenye kamati ya urasimishaji, na siku wanapima pale mimi ndiye niliyeshika mwisho wa tepu. Nakumbuka vizuri. Ilikuwa mwezi wa tisa, jua kali, mfereji mkavu umejaa maganda ya maharage na kuku wanachakura ndani. Yule kijana wa upimaji akauliza hii ni nini, mmoja wetu akasema "mfereji wa zamani". Akasema basi tunaweka bikoni, jiwe la mpaka, katikati, kila mtu achukue nusu, hamna atakayelalamika. Na kweli hamna aliyelalamika, maana kila mtu alipata sentimita 70 za bure. Mzee hakuwepo, alikuwa msibani Ngaramtoni. Sisi tukasaini. Sahihi yangu ipo, nimeionyesha.

Kikao kikawa kimya kidogo baada ya hapo. Halafu Mwalimu akaguna, akasema na yeye ana lake. Kumbe zile sentimita 70 zake alishajaza kifusi akajenga banda la kuku juu, na ndo maana maji yalipotoka kwenye ukuta hayakuwa na pa kushukia isipokuwa dirishani. Hiyo nilikuwa naiona kila siku kwa macho yangu, nanunua mayai hapo hapo, na haikuwahi kuniingia akilini kwamba kuku wamekaa juu ya mfereji.

Kwa hiyo mjue hali ilivyokuwa: Mzee mlango wazi, majirani wa juu mapaa 14, Mama Geti bomba la inchi nne, Mwalimu banda, mimi tepu. Aliyekuwa na haki ya kuongea kwa sauti kubwa hayupo. Na kwa maoni yangu ndo hapo kesi ilipopona, maana kama karatasi zingeonyesha kosa ni la mmoja tungekwenda Baraza la Ardhi la Wilaya, na pale tungezeeka. Baraza la Kata tangu sheria ibadilishwe 2021 kazi yake ni kupatanisha tu, halihukumu, na wajumbe wake walituambia wazi mkipatana wenyewe sisi tunaandika.

Watu huwa wanasema Arusha imeharibika kwa sababu ya watu wengi, na ni kweli tumeongezeka, sensa ya 2012 jiji lilikuwa na watu 416,442, ya 2022 likawa 617,631, na hao ni wa ndani ya mpaka wa jiji tu, nyumba nyingi za huku juu ziko halmashauri ya wilaya na ukivuka uchochoro umeshabadilisha halmashauri. Ila kwenye kesi hii wingi wa watu haukutosha kufanya mafuriko. Tangu 1998 hadi 2019 watu walikuwa wanaongezeka na mfereji ulikuwepo, kwa sababu karatasi za daftari, zilizoandikwa na watu wa darasa la saba chini ya mgomba, ziliuona. Ramani ya kompyuta yenye rangi ndiyo haikuuona. Mimi si mpinzani wa upimaji, nina namba ya kiwanja na naitaka hati, lakini zile karatasi za mauziano zilitakiwa zisomwe kabla ya tepu kufunguliwa na hakuna aliyeziomba.

Suluhu haikuwa ya siku moja. Mama Geti alikuwa mgumu mwanzoni, ana haki, ukuta umemla hela za mitumba miaka mitatu. Kilichomlainisha sio kijana wa tai, ni yeye mwenyewe kwenda kumwona mke wa Mwalimu akakuta godoro bado limeanikwa juu ya michongoma linanuka. Jioni akaja kwa Mzee na jani la sale. Kwao Uchagani ukikosana na mtu ukampelekea sale, anatakiwa asamehe, hamna mjadala. Mzee akalipokea akaligeuza geuza, akasema "mama, umeniletea bikoni nyingine?" maana huku mtaani masale tunapanda mipakani. Mama Geti akabaki mdomo wazi hadi mjukuu alipoanza kucheka. Mzee anajua sana sale ni nini, ameishi na Wachagga miaka yote, ila hakutaka kuachia burebure. Kisha akang'oa majani pembeni ya mguu wake akayashika mkononi, ambayo kwa Kimaasai na kwa Waarusha ndo amani yenyewe, na wakakaa wakanywa chai.

Makubaliano niliyaandika mimi, mhuri wa mtaa ukagongwa. Ukuta ukatobolewa chini, tundu la sentimita 80 lenye nondo za kuzuia takataka, Mama Geti kalipa fundi, fundi huyo huyo, kapunguza bei kwa aibu. Banda la kuku likahama. Kwenye ile mita na ushee tukalaza kalavati za simenti mahali pa kupita watu na pengine tukaacha wazi. Mchango elfu hamsini kila kaya, mapaa yote 14 yalitakiwa kutoa, wametoa 9, wengine wanasema wao maji yao hayapitii huko, sijui yanapanda. Mlango wa juu, mjukuu wa Mzee amepewa kazi, masika zikianza anafunga, analipwa elfu ishirini na vocha. Ramani haijabadilika. Tumeandika barua mbili kuomba mfereji uchorwe, tumejibiwa kwa mdomo kwamba tusubiri marekebisho.

Masika ya 2025 mwezi wa nne kulinyesha usiku kucha, nikatoka na tochi saa nane, nikamkuta Mwalimu kashatoka, na Mama Geti yuko dirishani na khanga kichwani. Tukasimama pale kwenye nondo tunaangalia. Maji yalikuja na kishindo, yakapita, yakaingia kalavati, yakaenda. Mwalimu akapiga makofi kama mtoto.

Saa kumi na mbili asubuhi simu ikaita, namba siijui, jamaa wa kule chini karibu na Sanawari, kapata namba yangu kwa mangi wa duka. Anasema wao miaka yote maji yalikuwa hayafiki kwao, leo yamefika mlangoni, anataka kujua ni nani huko juu kafungua nini.